Levi Jefwa Kombe, Mgonjwa wa Mtihani

Marehemu Levi Jefwa Kombe alizaliwa Rabai tarehe 3 Machi 1919, mtoto wa pili wa Mzee Kombe. Alisoma shule ya misheni huko huko hadi darasa la sita. Mwaka 1937 alikuja Mombasa, akawa karani wa ghala bandarini Kilindini.

Mwaka 1945 alimuoa Bi. Nasipwondi, wakakaa Bondeni. Alikuwa na huruma ya kupita kiasi. Mwizi alipokamatwa amebeba kuku wa marehemu, yeye aliuliza kwanza kama mtu huyo amekula.

Mwaka 1961 madaktari waligundua kilango kimoja cha moyo wake hakifungi sawasawa. Hospitali ikamwomba awe analala kitandani siku ya mtihani wa wanafunzi wa utabibu, kila mmoja amsikilize, aseme anaugua nini. Akakubali kwa fahari. Lakini alipoona kijana anatetemeka, roho ilimuuma, akamnong'oneza: "Ni kilango cha moyo, mwanangu. Sikiza hapa, chini ya ziwa la kushoto."

Miaka mitatu hakuna aliyeanguka. Daktari mtahini alikuja hadi nyumbani. "Bwana Levi, hawa wote ni hodari, au mimi ndiye sijui kutahini?" Marehemu alimkaribisha kahawa. Mimi nduguye, Kingi, nilicheka sana. Leo sijui nilicheka nini.

Jumatatu tarehe 9 Septemba 1968 tulimpeleka hospitali, ana homa na pumzi zinamkatika. Tabibu kijana alimsikiliza, akasema ni kifua, akaandika sindano. Sisi tulinyamaza, tukijua marehemu atamwambia, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Jumatano sindano hazijafaa kitu. Shemeji, mkewe, akamwuliza, "Baba Kombe, mbona humwambii kuwa ni moyo?"

Marehemu akafumba macho. "Huyu nilishamwambia," akasema. "Mwaka wa sitini na nne."

Alikasirika? Alijicheka? Au ndiyo alikuwa akimtahini? Sijui. Shemeji alitoka mbio kumwita daktari mkubwa, lakini Alhamisi saa nane mchana marehemu alitutoka. Daktari huyo anasema huenda asingepona hata kama ingejulikana mapema. Huenda. Neno hilo silielewi.

Ameacha mjane, Bi. Nasipwondi, watoto watatu, Kombe, Joab na Kasyoka, wajukuu wawili, na mimi. Tabibu yule yupo hapa. Ameomba ashike kamba ya kushushia jeneza. Nilikataa. Shemeji akasema, "Mpe, Kingi. Levi angemwita mwenyewe."

Basi ndugu yangu apumzike kwa amani. Sisi tutatulia, Mungu akitujalia.