Historia ya Fundi Gramu, Ambaye Hakupasuliwa na Roboti

Ndugu waombolezaji, majirani na mafundi wenzake, haya yameandikwa na binti yake wa kwanza, aliyerithi kwake hasira za karibu na funguo za kibanda, na yameandikwa kama marehemu mwenyewe alivyoagiza akiwa na akili zake timamu, kwa hiyo anayedhani msibani husomwa sifa tupu avumilie kidogo.

Baba yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Gramu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa tano wa mpagazi wa ghala na mama aliyeuza mkaa kwa kopo, na inasemekana ugomvi wake wa kwanza duniani ulikuwa na mteja aliyelitikisa kopo la mama yake ili liingie mkaa zaidi. Alianza shule mwaka 1965, akaiacha darasa la tano baba yake alipovunjika mguu, na kuanzia hapo alijifundisha mwenyewe, akifungua mizani mbovu zilizotupwa nyuma ya ghala, akizifunga, akizifungua tena, mpaka mwaka 1979 alipopata kibanda chake cha kutengeneza mizani kando ya soko, ukuta mmoja na fundi viatu, ambaye walichangia naye bisibisi, chai na matusi ya kirafiki maisha yao yote.

Katika kazi hakumlegezea mtu yeyote springi ili mizani idanganye, na muuza nyama mmoja aliyemwomba amsaidie kidogo tu alirudishiwa mizani yake vipandevipande ndani ya ndoo, akaambiwa, "Chukua, sasa haimpunji mtu." Tarehe 18 Agosti 1984 alimwoa mama yetu, mshona mapazia, ambaye walikutana wakigombana kwenye foleni ya bomba, wakajaliwa watoto wanne, na sote tulipimwa kibandani kabla ya kupelekwa kliniki, kwa sababu mizani ya kliniki hakuiamini.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 alianza kushiba kwa matonge mawili, na mwezi wa Mei vipimo vikaonyesha saratani ya tumbo la chakula. Aliposikia kwamba hospitali kuu ina roboti la upasuaji alifurahi kama mtu aliyepata mwenzake, akawatangazia mafundi wote kwamba mkono wa binadamu hutetemeka lakini mashine haitetemeki. Daktari wa upasuaji, mama mfupi asiyepandisha sauti, alimkalisha akamweleza kwamba njia zote mbili hupita kwenye matundu madogo na kamera, kwamba kwa njia ya kawaida ya matundu yeye hushika vyombo virefu kwa mikono yake, na kwa roboti hukaa pembeni akiiendesha mikono ya mashine, ambayo hujikunja ndani kama kiwiko, kwa hiyo hata huko anayepasua ni mtu, kwamba kwa roboti huenda damu inayomwagika ikapungua kidogo lakini kazi huchukua muda mrefu na gharama kubwa, na katika lile kubwa, yaani kuuondoa uvimbe wote na mgonjwa kuishi, hajaona tofauti ya kumfanya mtu asubiri, na foleni ya roboti ilikuwa ya miezi, nao uvimbe haujui kupanga foleni. Baba alifoka, akatulia, akakubali, na tarehe 14 Juni 2021 yule mama akamwondolea sehemu kubwa ya tumbo kwa mikono yake mwenyewe.

Aliporudi kibandani fundi viatu alimpokea kwa utani, "Haya Gramu, roboti limekusalimia?" naye akajibu, "Limeniita kwa jina." Watu wakacheka, na palepale alipaswa kusema ukweli, hakusema. Kila aliyekuja akafunuliwa shati aonyeshwe matundu, ambayo ni yaleyale kwa njia zote mbili, na utani ukageuka habari, habari ikageuka sifa, na sisi nyumbani tuliojua tulinyamaza kwa sababu tulimpenda akicheka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuficha maradhi, alificha tiba.

Mwezi wa Agosti 2023 fundi viatu naye akaambiwa ana saratani ileile, daktari yuleyule akampa nafasi ya karibu kwa njia ileile ya matundu, akaikataa, akasema hawezi kushikwa na mikono ya mtu wakati jirani yake ameponywa na roboti. Baba alisikia hayo kupitia ukuta wa mbao. Alirudi nyumbani hakula, kesho yake hakula, na kila asubuhi alitoka akisema leo namwambia, akarudi jioni akimgombeza mama kwa chumvi, mpaka Novemba, mwenzake alipokuwa amekonda mpaka mikanda anayotengeneza haimfai. Ndipo akaingia kwake mbele ya wateja, akasema amedanganya. Fundi viatu aliweka nyundo chini, akasema, "Miaka yote hii unavunja mizani za watu, kumbe inayopunja ni wewe," na hawakuongea tena. Fundi viatu alipasuliwa wiki ileile, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye tezi, na matibabu yake yanaendelea mpaka leo.

Saratani ya baba ilirudi kwenye ini, na daktari alisema wazi kwamba isingejali nani au nini kilishika kisu. Alifariki nyumbani tarehe 9 Aprili 2024, na agizo lake la mwisho lilikuwa haya yasomwe.

Familia inawashukuru wauguzi, majirani waliotuletea maji na viti, na mafundi waliofunga vibanda vyao leo, na kwa aibu inamshukuru yule daktari, ambaye kwa miaka miwili kazi ya mikono yake ilisifiwa kuwa ya mashine naye akanyamaza kutunza siri ya mgonjwa wake. Fundi viatu yupo hapa, amekaa nyuma karibu na lango. Hatumwombi asamehe, kwa sababu kumwomba mtu msamaha mbele ya jeneza na watu wote hawa ni kubonyeza mizani kwa kidole, na baba angetufukuza. Apime mwenyewe, kwa wakati wake.

Pumzika kwa amani, baba. Tumesoma kama ulivyotaka, hatukuongeza, hatukupunguza.