Maman Adélaïde na Maua Aliyoyafupisha

Ndugu waombolezaji, mapadri, majirani wa Kadutu, familia imenituma mimi Déogratias, mudogo wa marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, na nitayasoma yote, hata yale ambayo wengine wangependa tuyapite kimya.

Adélaïde M'Buhendwa alizaliwa Katana tarehe 14 Machi 1941, binti wa Papa Aloys Buhendwa na Maman Madeleine, akasoma kwa masista hapo Katana, kisha akaingia masomo ya kilimo, musichana peke yake darasani, akapata diplome mwaka 1963.

Tarehe 8 Agosti 1970 alifunga ndoa na Constantin Birindwa, mwalimu, na tangu 1972 akafanya kazi katika pépinière moja ya Nyawera, shamba la kuoteshea miche, akichunga kalanchoe, yale maua ya majani manene yenye kutunza maji, ambayo yalikuwa yanarefuka ovyo na kuanguka, naye akayapulizia dawa ya kupunguza urefu, na ingine ya kuyatolesha matawi.

Miaka ikapita bila mutoto, ukoo wa bwana yake wakasema mwanamuke anayefunga maua yasirefuke ndiye aliyefunga tumbo lake, wakaja na wazee ili achague, kazi ao nyumba. Adélaïde akawaonyesha kalanchoe mbili zilizopandwa pamoja, ile ndefu iliyolala chini na ile fupi aliyoipulizia dawa, akasema: «Hii munasema nimeifunga, ndiyo iko na matawi mingi. Kazi siachi, nyumba siachi.» Naye Constantin akaongeza: «Mwenye kumufukuza, anifukuze na miye.»

Binti yao Eulalie akazaliwa tarehe 3 Mei 1979, walewale wakasema dada ametubu na dawa ameacha, kumbe hakuacha kamwe, na hata kama Eulalie asingezaliwa, dada alikuwa na haki.

Mwaka 1984 ugonjwa wa sukari ukamushika, akafia hospitali ya Katana tarehe 19 Juni 1987, na kwa wale wanaonong'ona hapa kwenye kilio kwamba dawa ya maua imemuua, familia inajibu mbele ya jeneza: ni sukari, muganga wa hospitali alisema wazi, ndiyo iliyomuondoa hata mama yetu, Maman Madeleine.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa Katana, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza, na wewe, shemeji Constantin.

Dada, siku watu watakapomuuliza Eulalie mama yake alikuwa nani, atajibu bila kuinamisha kichwa. Wewe pumzika kwa amani, sisi wengine tutabishana na wanaonong'ona.