Mchango Usiofungwa Kamba

Bwana D.C., Bwana Chifu, wazee wa Hewani, wazee wafugaji mliovuka mto kuja kwetu, wageni na wenyeji, hamjambo.

Nimeombwa nisifu mchango uliojenga dispensari hii. Nitausifu. Kina mama walisomba udongo wa kuta hizi kwa mitumbwi, Hulda akiwa mbele na tumbo lake kubwa, na hapana askari aliyewafuata. Mwaka ule mto ulipomeza mashamba yetu, Waorma, wafugaji hawa wa ng'ambo, walileta maziwa kwa vibuyu, wakayaweka vizingitini, wakaenda zao. Nani aliwaita? Huo ndio mchango.

Lakini nyuma ya jengo hili amefungwa ng'ombe mwekundu anayekamuliwa, na adhuhuri tumepanga kumla. Ametoka kwa Gumato, mjane yule aliyesimama karibu na mlango. Ndugu Isaac wa kamati yetu alimfuata bomani kwake na askari wawili, akamswaga ng'ombe, akasema, "Furahi mama, umechanga!" Gumato akamjibu, "Kama nimechanga, mwanangu, mbona umekuja na rungu?"

Tena sisi wakulima hatusomi masikio ya ng'ombe, wenzetu wanasoma. Leo asubuhi Mzee Bule, mmoja wa wafugaji hawa, alinivuta mkono, akanionyesha mkato wa sikio. Ni alama ya ukoo wake. Gumato hana ng'ombe! Huyu aliazimwa kutoka kwa Bule, kama ilivyo desturi yao kwa mjane, ili watoto wanywe. Tumepora mchango wa watu wengine, tukauita wetu.

Isaac, wewe husema watu hawatoi bila kusukumwa. Je, kuta hizi zilisukumwa na nani? Kodi tunaijua, na Bwana D.C. anaijua kutushinda sote. Ukitaka kodi, sema kodi. Asiyeruhusiwa kusema "sina" hajachanga kitu, amenyang'anywa, na dawa itakayotolewa humu itakuwa chungu kabla haijafika ulimini.

Mtaniuliza, wageni watakula nini? Watakula wali na kambare wa mvuvi wetu Jotham, chakula chetu wenyewe. Anayeona aibu kukila, njaa itamfundisha adabu.

Bwana Chifu, kabla utepe haujakatwa, naomba kamba ifunguliwe. Isaac, nenda wewe, kwa mkono uleule. Mama Gumato, mrudishe kwa ndama wake, na mtoto wako akiugua, mlango huu ni wako kama ulivyo wetu.

Asanteni kwa kunivumilia. Nitaketi Isaac atakaporudi.