Bi. Easter Mwaura na Daftari la Walioacha Masomo

Ifikapo Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Easter Mwaura atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba ya kazi chuoni kwetu hapa Kilifi, na jioni ya siku hiyo atastaafu. Miaka kumi na tisa kati ya hiyo ameikalia ofisi ya masomo ya uzamivu, chumba nambari nne, mkabala na ngazi. Kamati za tasnifu mia moja arobaini na tatu zimeundwa mezani pake. Yeye mwenyewe hana shahada hiyo wala hajapata kuitamani. Anasema ameona inavyowakondesha watu.

Alitoka Murang'a mwaka 1998 akiwa mpiga taipu, amevaa sweta nzito ya sufu, kwa kuwa jirani yake alimhakikishia kwamba upepo wa baharini ni baridi. Wiki ya pili sweta ikawa ya mlinzi wa lango. Kiswahili chake cha bara sisi wa pwani tulikicheka, tena mbele yake, wala hakukasirika. Alijifunza kwa majirani zake wa Mnarani, akajifunza na kupika mbaazi za nazi, na leo hii ukiingia ofisini mwake bila salamu kamili utarudishwa mlangoni uanze upya, hata kama wewe ni profesa.

Kupokea fomu kulikuwa sehemu ndogo tu ya kazi yake. Mwanafunzi wa uzamivu huja na jina la msimamizi kichwani, mara nyingi jina kubwa alilolisikia redioni au kuliona kwenye jalada la kitabu. Bi. Easter hamkatazi. Humuuliza kama ameshazungumza na mtu aliyeacha masomo chini ya msimamizi huyo. Waliomaliza, husema, watasifu tu. Wa kuulizwa ni walioishia njiani. Nambari zao za simu anazo katika daftari la jalada la kijani, na fomu ya kuomba msimamizi haitoki kwenye droo mpaka umpigie mmoja wao. Wapo wahadhiri waliolichukia daftari hilo kama shubiri, wakalipeleka kwa mkuu wa kitivo. Mkuu akauliza kama lina uongo ndani. Wakalirudisha daftari mahali pake.

Hata hivyo, hakuwa na subira na wanaochagua kupita kiasi. Mwanafunzi mmoja, Cliff, alizunguka mwaka mzima akiwatafutia wahadhiri kasoro. Bi. Easter alimkumbusha kwamba mchagua nazi hupata koroma, akampa wiki moja awe ameamua.

Mimi ninayeandika haya, Dena, ni miongoni mwa waliompuuza. Mwaka 2010 nilikuja na utafiti wangu wa ubwiri unga, ule ugonjwa unaokausha maua ya mikorosho, pamoja na jina la profesa mmoja mashuhuri. Bi. Easter alinipa nambari ya simu. Sikupiga. Nilimdanganya kwamba nimepiga na kuambiwa mazuri matupu. Alinitazama kidogo, akanipa fomu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilichukua miaka minne kuvunjika. Sura niliyompelekea profesa mwezi wa Januari ilirudi Agosti ikiwa na maneno mawili pembeni: "Nzuri. Endelea." Mwaka 2014 alipata kazi ng'ambo, akaondoka bila kuniaga. Kamati yangu ikabaki na wajumbe wawili ambao hawakuwa wameamkiana kwa miaka sita, tangu walipogombea jokofu la maabara. Bodi ilikuwa ikutane baada ya siku tisa, na mwanafunzi asiye na msimamizi wala kamati kamili angefutiwa usajili.

Nikaandika barua ya kuacha masomo, nikampelekea Bi. Easter aigonge muhuri. Nilikuwa nimechoka, mke wangu alikuwa mjamzito, na aibu ilinijaa: nilijua nambari yangu nayo sasa inaingia daftarini. Aliisoma barua yote, akasema muhuri umekauka wino, nirudi wiki ijayo. Kisha akaniandikia anwani ya Malindi.

"Nenda ukale chakula cha mchana na Dkt. Rubina," aliniambia. "Habari za mikorosho zingoje. Kwanza kila mmoja amwambie mwenziwe kinachomuudhi kazini."

Dkt. Rubina alikuwa mhadhiri mchanga, hajawahi kusimamia tasnifu hata moja. Tulikula biriani nyuma ya duka la vitambaa la babake, karibu na soko. Hakunificha kitu. "Mie sijapata kumfikisha mtu, na naogopa," alisema. "Lakini sura yako nitaisoma kwa wiki mbili, na ikiwa mbaya nitakwambia ni mbaya." Nami nikamwambia kwamba mimi huudhiwa na kusifiwa bure. Alisaini fomu ya kunisimamia siku ileile. Sura ya kwanza niliyompa ilirudi baada ya siku kumi na mbili, wino mwekundu umeenea mpaka nikaona haya kuibeba mbele ya watu. Sijapata kufurahi vile.

Wakabaki wale wajumbe wawili. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini Bi. Easter aliwakalisha. Aliwaita saa nne asubuhi, akawaeleza kwamba sheria inadai wasaini karatasi moja, kwa wakati mmoja, mbele yake, akawaandalia mbaazi na mahamri. Walianza kwa kununiana. Chakula kilipokwisha walikuwa wakibishana juu ya mikorosho yangu, kila mmoja akitaka kuisoma kwanza. Bodi ilipokutana, jina langu lilipita. Mwaka huu nimeteuliwa katika kamati ya masomo ya uzamivu, nikasoma kanuni zote tangu mwanzo hadi mwisho. Sheria ile haimo.

Nilihitimu mwaka 2017, na tangu hapo kuna jambo limenikaa moyoni. Kabla tasnifu haijaenda kujalidiwa, Bi. Easter hukagua kila ukurasa kwa rula. Yangu aliirudisha kwa kosa moja tu: ukurasa wa shukrani, pambizo la kushoto limepungua nusu sentimita. Ukurasa huo unamshukuru Mungu, mke wangu, Dkt. Rubina, wajumbe wote wawili, na hata mwenye shamba la mikorosho kule Vitengeni. Jina la Easter Mwaura halimo. Aliusoma, akaupima, akaniwekea mkononi. Nami nikaenda nikarekebisha pambizo.

Wiki iliyopita nilikwenda maktaba nikitumaini kwamba ni mimi peke yangu niliyesahau. Nimezifungua tasnifu zote sitini na nane zilizokamilika kupitia ofisi yake. Ametajwa katika tatu.

Bi. Easter, sisi sitini na watano tunakuomba radhi. Tungeishia njiani bila wewe, na tulikuona kila siku. Asante, Mama. Upumzike kwa afya na amani, nyumba yako isikose wageni, na maisha yaliyo mbele yako yawe mema kama ulivyotutakia sisi.