Udongo Uliopanda Kwenye Matete

Benchi ni langu, na nasema wazi kwa sababu kuna watu wanadhani ni la serikali. Nililipigilia misumari mwenyewe hapa Ruiru, njia ya stesheni, ili mwenye baiskeli akae nikimzibia pancha. Badala yake wanakuja watu wa miguu, wanamaliza kahawa yangu na kuniita Kiraka. Huyu Tobias anafanya kazi ya reli, basi ni Reli. Huyu Kang'ethe ni Ndio-Lakini, maana hajawahi kukubali neno mpaka mwisho. Asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na nane, Ndio-Lakini alitukuta mimi na Reli, akiwa na Gathogo, mkulima wa Theta, ambaye macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Kamati ya serikali ilikuwa inaunganisha vipande vya mashamba, kila mtu apewe shamba moja kwa kadiri ya uzuri wa udongo wake. Kesho yake kamati ingemuuliza achague: kipande kidogo cha juu, ama kikubwa cha kinamasini kwenye matete. Akikosea, amekosea na watoto wake.

Gathogo — Niambieni ukweli. Ile kinamasi inapanda. Kuna kigingi nilisimamisha juu ya mwamba, kilikuwa kinanifika kiunoni. Saa hii kinanifika gotini.

Ndio-Lakini — Ndio, lakini labda ni wewe umerefuka.

Gathogo — Nina mke na watoto, nitarefuka saa ngapi?

Reli — Yawa, wacheni mchezo. Kwetu ziwani tunajua matete. Maji ya mvua inakuja mbio, imebeba matope. Ikifika hapo inazuiwa, inachoka, inatua mzigo. Na matete ikianguka haiozi upesi, inalala kama godoro, mizizi inashona. Ndiyo ardhi inapanda.

Ndio-Lakini — Ndio, lakini matope inatua hata barabarani, na barabara haipandi. Mimi nasema matete inavuta udongo kutoka chini, vile watu wa kwenu wanavuta pombe na mrija. Huko chini kunabaki shimo. Siku moja Theta yote itaingia, na ng'ombe zake.

Reli — Itavuta udongo na mdomo gani?

Nikaona wananichelewesha, nikaingilia.

Kiraka — Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fyeka hiyo matete, upande nduma.

Reli — Hiyo methali inaingia wapi?

Kiraka — Matete ni mgeni.

Reli — Matete ilikuwa hapo kabla ya babu yako! Kuna jirani yetu alifyeka yote, akachimba mtaro, akakausha. Godoro likanyauka, shamba likashuka, maji ikarudi mpaka mlangoni. Alihama, bwana.

Gathogo akashika kichwa. Nilimhurumia, kusema kweli.

Ndio-Lakini — Ndio, lakini kama hagusi matete? Chururu si ndo ndo ndo! Itapanda, itapanda, mpaka wajukuu zake wanaangalia mlima wa Kilimambogo ukiwa chini yao. Watu wa mlimani watakuwa wanawaomba ruhusa ya kuona jua.

Hapo Gathogo akacheka, mara ya kwanza tangu aketi.

Gathogo — Basi matete ya katikati nitaiacha ifanye kazi yake. Mimi nitalima pembeni. Kinamasi yenyewe ni nyeusi, lakini pale pembeni juu yake kuna udongo nyekundu, laini kama unga. Kila mvua unaongezeka. Nimeamua. Nachukua chini!

Tukampiga mabega. Hata mimi nilifurahi, nikammiminia kahawa ya mwisho bila kununa.

Kumbe kulikuwa na mama ameshusha kiondo cha viazi mwisho wa benchi, anapumzika kabla ya soko. Sikuwa nimewahi kumwona hapa. Gathogo akamjua, akasimama.

Gathogo — Habari ya asubuhi, mama Wakonyo.

Wakonyo — Mzuri, mwanangu. Hiyo pembeni unayosema, si ni ile iko chini ya kwangu?

Gathogo — Ndiyo, mama.

Wakonyo — Bwana yangu akiwa hai tulikuwa tunalima udongo nyekundu. Sasa mvua imepeleka wote huko chini, nalima mawe. Kamati ilikuja ikaangalia mawe, ikasema shamba ni mbaya. Kesho nitapewa kidogo.

Gathogo — Pole, mama.

Wakonyo — Asante. Nauliza tu. Hiyo nyekundu ilikuja kukaa kwako, kesho itahesabiwa ya nani?

Aiii! Niliona aibu kwa vile tulivyokuwa tumecheka.

Gathogo — Sijui, mama.

Mama akainama, akaweka ukamba wa kiondo kwenye paji la uso, akainuka na mzigo wake.

Wakonyo — Basi kesho simama mbele yao, useme hivyo hivyo.