Risasi Isiyo ya Bunduki
Ndani ya Noah ya abiria iliyokuwa ikienda mjini Same, Beatha alitega sikio. Mbele yake mfugaji mmoja, Mzee Koileken, alikuwa akimbana kwa maswali Vitus, kijana aliyepanda alizeti palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. "Ardhi ile ina risasi, mzee. Alizeti zinainyonya. Mbuzi wasile." "Risasi? Vita vilipiganwa lini pale?" "Si ya bunduki. Ni madini ya betri, nayo yanaua, ila polepole." "Haya. Mwaka jana mlivuna. Mlizipeleka wapi?" Vitus alisema walizifukia. "Zote?" Kijana akageukia dirishani, akaisifia milima kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Gari likasimama stendi. Beatha hakushuka. Alikuwa ameikodolea macho chupa ya mafuta ya alizeti mapajani mwake, aliyouziwa jirani na shamba lile kwa bei chee.