Majibu ya Damu ya Ishimwe

Kijiwe chetu cha Kanazi ni benchi moja la mkaratusi mbele ya jiko la Deodata, na hatuamini kitu pale isipokuwa kahawa yake. Asubuhi ile Matiasi alikuja na majibu ya hospitali. Mwanawe Ishimwe aling'oka jino, damu ikatoka siku mbili, sasa wameambiwa wampeleke Mwanza kwa kipimo kingine. Hata hajaketi, Erasmus, tunayemwita Profesa kwa kuwa alifika kidato cha pili, alishaidaka karatasi.

— Hapa chembe sahani, zile za kuzibia jeraha, ziko sawa. Hapa chini damu inachelewa mno kuganda. Damu moja inakuwaje nzima na mbovu?

— Wamechanganya damu za watu, akasema Sindayigaya, yaani Redio. Au wanachota za kuuza. Kwa nini wachote tena Mwanza?

— Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, akasema Profesa. Hii nyepesi ni ya ukoo gani? Aulizwe mama yake.

Hapo nilichukia. Mama huyo, Clarisse, ni mke wa watu, hakuwepo kujitetea. Matiasi aliinamia kikombe chake.

Akabaki mzee Ildefonce, Rufaa wetu, maana kesi zote huishia kwake.

— Huyo katupiwa kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hospitali wanaficha. Mtoto achanjwe chale, dawa iingie, damu ifunge.

— Bibi yake ameshaondoka naye, Matiasi akasema taratibu. Wamekwenda Keza kwa mtaalamu wa chale.

Tukamsifu bibi. Tulikuwa bado tunamsifu alipofika Nimpaye, shemeji yake Deodata kutoka Nyamigogo. Akamwamkia Rufaa shikamoo, akapewa kahawa, akaelezwa habari yote tangu jino mpaka Keza. Akasikiliza bila kunywa.

— Jino tu lilimtoa damu siku mbili, akasema. Huo wembe wa chale, damu yake nani ataizuia?

Redio alikohoa. Profesa akaigeuza karatasi, nyuma kulikuwa kweupe. Rufaa akatafuta fimbo yake, nayo ilikuwa mkononi mwake.

Matiasi alimpigia simu mama yake, yule bibi, hakupatikana. Akapiga tena huku anakimbilia bodaboda, na hatukusikia kama ilipokelewa.

Deodata alikifunika kikombe cha Matiasi kwa kisosi. Sisi tukabaki tunaangaliana pembeni, kila mmoja akijifanya ni mwenzake aliyeanza maneno ya chale.